Kivuko ni Amana: Feri za Dover na Haki ya Msafiri

Kati ya Dover na pwani ya Ufaransa, mahali ambapo bahari ya Channel inabana zaidi, pana kilomita 33 tu. Siku ya anga safi mtu aliyesimama upande mmoja huiona ng'ambo kwa macho yake. Hata hivyo, ukiwaacha waogeleaji wachache waliofanya mazoezi kwa miaka, hakuna anayevuka kwa nguvu zake mwenyewe. Wote humtegemea mwenye chombo. Utegemezi huo unazaa swali ambalo wanasheria, wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelirudia kwa karne nyingi: mtu anayemiliki njia ya kuvuka maji anadaiwa nini na yule anayetaka kuvuka? Je, yeye ni muuzaji kama muuzaji mwingine, mwenye hiari ya kupandisha bei, kupunguza huduma au kuifunga atakapo? Au ameshika kitu ambacho hakijawahi kuwa chake peke yake? Mabadiliko yaliyozikumba feri za Channel katika kizazi kimoja yametuachia ushahidi wa kutosha wa kulijibu swali hili. Jibu langu ni kwamba kivuko ni amana. Anayekishika ana haki ya kupata faida, lakini hana haki ya kukifanyia lolote apendalo. Na amana hiyo ikisahauliwa, baharia ndiye huumia kwanza, kisha msafiri, na mwishowe jamii nzima inayoishi kwa kutegemea njia ile.

Tuanze na yaliyotokea. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, safari ya London hadi Paris iliungwa kutoka mwanzo hadi mwisho: treni ilimfikisha abiria gatini, feri ikamvusha, treni nyingine ikampokea ng'ambo. Ilikuwepo hata treni ya usiku ambayo mabehewa yake ya kulala yaliingizwa ndani ya meli, abiria akapanda jioni London na kushuka asubuhi Paris. Huduma hiyo ilikoma mwaka 1980. Mei 1994 Malkia Elizabeth II na Rais François Mitterrand walifungua njia ya reli ya chini ya bahari, handaki la kilomita 50 ambalo kilomita 38 zake zimepita chini ya maji, na mwaka huohuo stesheni ya gati la magharibi la Dover ikafungwa. Tarehe 1 Julai 1999 Umoja wa Ulaya ulifuta mauzo ya bidhaa zisizotozwa ushuru kwa wasafiri wa ndani ya Umoja, na hapo kampuni za feri zikapoteza mapato yaliyokuwa yakizisaidia kushusha nauli. Mwaka uliofuata ziliondolewa hovakrafti, vyombo vilivyokuwa vikivuka kwa takriban dakika 35 tangu 1968. Folkestone ilibaki bila feri. Boulogne ilijaribiwa na kampuni moja baada ya nyingine, kisha ikaachwa. Njia ya Ramsgate na Ostend ilikufa mwaka 2013. Kampuni ya SeaFrance ilifilisiwa Januari 2012. Wafanyakazi wake wakaunda ushirika na kurudi baharini kwa jina la MyFerryLink, wakitumia meli zilizonunuliwa na kampuni ya handaki, lakini mwaka 2015 ushirika huo nao ulisimama baada ya mvutano mrefu na mamlaka ya ushindani ya Uingereza. Abiria wa bandari ya Dover walizidi milioni 20 mwaka 1997. Kufikia 2019 walikuwa karibu milioni 11.

Si haki kuyaita yote hayo maovu. Mabadiliko peke yake si dhuluma. Anayetoka katikati ya London leo anaweza kufika katikati ya Paris kwa treni kwa muda usiozidi sana saa mbili na robo, na hakuna sababu ya kumlazimisha apande feri ili kutunza kumbukumbu za babu zake. Hovakrafti zilikula mafuta mengi na matengenezo yake yalikuwa ghali, zilistahili kupumzishwa. Swali lenye uzito wa kimaadili ni jingine: katika kila badiliko, nani aliyefikiriwa na nani aliyesahauliwa? Ukizitazama feri zilizobaki utaona zimepangwa kwa ajili ya lori na gari dogo. Lori linaleta fedha mwaka mzima, na gari dogo linaleta familia nzima kwa tiketi moja. Aliyesahauliwa ni abiria wa miguu, yule ambaye zamani treni ilimshusha gatini. Katika njia ya Dover na Dunkirk, kwa miaka mingi, abiria wa miguu hakuchukuliwa kabisa, awe na nauli mkononi au asiwe nayo. Kwa hesabu za biashara abiria huyo ni usumbufu: anahitaji basi la kumtoa kwenye jengo hadi melini, ngazi yake na mtu wa kumhudumia, naye analipa kidogo. Kwa mizani ya maadili, huyo ndiye msafiri halisi, kwa kuwa hana njia nyingine.

Wahenga wetu walisema msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Umaskini wanaoutaja si wa mfuko. Aliye safarini ameacha nyumba, jirani na jina lake nyuma. Hajui pa kulala, hajui nani wa kumlalamikia, na saa inakwenda. Sheria ya Kiislamu imelitambua jambo hilo kwa uzito wa pekee. Sura ya At-Tawba, aya ya 60, inapotaja makundi manane yanayostahili zaka, inamweka mwananjia pamoja na fakiri, maskini na mdeni. Na mafakihi wakafafanua kwamba msafiri aliyekwama njiani anaweza kupewa hata kama kwao ni tajiri. Mkristo ataona mwelekeo uleule katika kanuni ya watawa iliyoandikwa na Benedikto wa Nursia karne ya 6, ambayo sura yake ya 53 inaagiza mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Mapokeo haya mawili yanatofautiana katika mengi, lakini yanakubaliana kwamba kuwa safarini ni hali inayozaa haki, na kwamba haki hiyo haipimwi kwa utajiri wa msafiri bali kwa udhaifu anaokuwa nao wakati ule.

Haya si maneno ya misikitini na makanisani tu. Uingereza yenyewe, nchi inayosifiwa kwa kulinda mali binafsi, ilikuwa na sheria ya vivuko iliyosema jambo hilohilo. Katika karne ya 17 Sir Matthew Hale, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Uingereza, aliandika kwamba mtu hawezi kuanzisha kivuko cha umma kwa hiari yake tu, kwa sababu kivuko kinagusa masilahi ya watu wote. Anayepewa haki hiyo anabeba wajibu wa aina tatu: awepo na chombo chake kwa nyakati zinazofaa, akitunze kiwe salama, na atoze nauli ya haki. Hale hakusema kwamba kivuko ni mali ya serikali. Alisema kwamba mali inayowekwa kwenye njia ya watu wote hubeba sharti la watu wote. Hoja yake ilivuka Atlantiki, na mwaka 1877 Mahakama Kuu ya Marekani iliitumia katika kesi ya Munn dhidi ya Illinois kuhalalisha udhibiti wa ada za maghala ya nafaka. Kwa hiyo anayedai leo kwamba wajibu wa mwenye feri ni ndoto ya wanaharakati wa siku hizi anapaswa kujua kwamba jambo lililo geni katika historia ni kule kudai kwamba mwenye feri hana wajibu.

Tarehe 17 Machi 2022 amana hiyo ilipimwa hadharani. Asubuhi hiyo kampuni ya P&O Ferries ilizisimamisha meli zake, kisha ikawaarifu mabaharia karibu 800, wengi kwa njia ya video iliyorekodiwa mapema, kwamba ajira yao imekwisha siku hiyohiyo. Nafasi zao zilijazwa na mabaharia walioletwa na mawakala. Wiki moja baadaye mkurugenzi mtendaji wake, Peter Hebblethwaite, aliwaeleza wabunge kwamba kampuni ilijua sheria inaitaka ishauriane kwanza na vyama vya wafanyakazi, ikaamua kutofanya hivyo. Alisema pia kwamba wastani wa malipo ya wafanyakazi wapya ulikuwa pauni 5.50 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara nchi kavu Uingereza kilikuwa pauni 8.91. Malipo hayo yaliwezekana kwa sababu meli za njia za kimataifa, zikipeperusha bendera za nchi nyingine kama Kupro, hazikubanwa na kima hicho. Wakaguzi wa usalama wa bahari walizizuia meli tatu za kampuni hiyo kwa nyakati tofauti mpaka kasoro zirekebishwe. Kati ya Dover na Calais kampuni haikubeba abiria kwa zaidi ya mwezi mzima, Pasaka ikaangukia katikati, na barabara za kuelekea Dover zikajaa foleni za malori na magari ya familia. Mwezi Agosti mamlaka husika ilitangaza kwamba haitafungua mashtaka ya jinai.

Wapo watakaosema kwamba kisa hiki ni ugomvi wa mwajiri na wafanyakazi, na msafiri aliguswa kwa bahati mbaya tu. Historia ya bahari hiyohiyo inakataa. Jioni ya tarehe 6 Machi 1987 feri iitwayo Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, ikielekea Dover huku milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sitaha ya magari na kwa dakika chache meli ikalala ubavu. Watu 193 walipoteza maisha. Aliyetakiwa kuifunga milango alikuwa amelala baada ya kazi, na nahodha hakuwa na taa yoyote ya kumwonyesha kwamba iko wazi, ingawa manahodha wa kampuni ile walikuwa wameomba taa hizo kabla ya ajali. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Sheen uligundua kwamba kosa halikuishia kwa mabaharia. Uzembe ulikuwa umeienea kampuni tangu juu hadi chini, pamoja na shinikizo la kuondoka bandarini mapema. Hapa ndipo maana ya amana inapojitokeza. Abiria hawezi kwenda kukagua milango. Hawezi kumuuliza baharia amelala saa ngapi wala amekaa melini wiki ngapi bila kushuka. Anaukabidhi uhai wake kwa watu asiowaona, kwa jambo asiloweza kulisimamia. Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, wanafunzi wawili wa Imamu Abu Hanifa, walitofautiana na mwalimu wao katika suala linalofanana na hili: wao walisema anayefanya kazi kwa ajili ya umma wote, kama mchukuzi, awajibike kwa anachokabidhiwa isipokuwa pale madhara yalipokuwa hayaepukiki, ili watu wasipotezewe mali zao. Ikiwa mzigo ulistahili ulinzi huo, uhai unastahili zaidi.

Katika hadithi za Mtume iko ile ya watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini, na walio chini wakataka kutoboa tundu ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Fundisho lake hueleweka mara moja: wakiachwa, wote huzama. Kwa kawaida tunalisoma kama onyo kwa wa chini. Kisa cha Dover kinatutaka tulisome pia kama onyo kwa wa juu, maana maamuzi ya kupunguza watu, mishahara na mapumziko hufanywa na wale wasiokanyaga sitaha ya magari. Waswahili walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Usalama wa abiria haukai ndani ya sheria zilizobandikwa ukutani. Unakaa ndani ya mwili wa baharia, katika usingizi alioupata, katika kuijua kwake meli ile, na katika ujasiri wa kumwambia mkubwa wake kwamba hatutoki leo. Anayeweza kufukuzwa kabla ya chakula cha mchana hana ujasiri huo.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni la mali. Meli ni za kampuni, si za umma. Kampuni ilidai kwamba ilikuwa ikipata hasara ya takriban pauni milioni 100 kwa mwaka, na kwamba bila hatua ile ingekufa kabisa, abiria akabaki na feri chache zaidi. Ni kweli kwamba hakuna maadili yanayomtaka mtu aendeshe biashara mpaka afilisike. Lakini amana haimzuii mtu kuiweka chini. Inamtaka aiweke chini kwa utaratibu. Mlinzi aliyechoka ana haki ya kuacha kazi, ila hana haki ya kuondoka usiku wa manane na kuacha lango wazi bila kumwambia mtu. Sheria ya kushauriana iliwekwa kwa ajili ya saa kama ile, ili hasara ijadiliwe na wote itakaowaangukia. Kampuni ambayo wakati wa shida huona sheria kuwa gharama ya kulipia, si mpaka wa kuheshimu, imekiri kwa kitendo kwamba inachukulia ahadi zake nyingine, zikiwemo zile za usalama, kwa hesabu hiyohiyo. Msafiri ana haki ya kuuliza ni ahadi ipi itakayofuata kuwa ghali mno.

Pingamizi la pili ni la ridhaa. Baharia aliyetoka mbali alisaini mkataba kwa hiari, na huko kwao pauni 5.50 kwa saa huenda ni nyingi kuliko wanavyolipwa mabaharia wa nyumbani. Kumkatalia kazi hiyo, wanasema, ni kuwalinda Waingereza dhidi ya maskini wa dunia. Hoja hii inastahili heshima, kwa sababu inajaribu kumtetea mnyonge. Hata hivyo Papa Leo XIII aliijibu tangu 1891 katika waraka wa Rerum Novarum: ridhaa inayotokana na hitaji haitoshi kuhalalisha ujira, kwa kuwa kuna haki iliyo kubwa kuliko mapatano ya pande mbili. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 24, inapokataza kumdhulumu kibarua, inataja palepale kwamba awe ndugu au mgeni, sheria ni moja. Anayemwajiri mgeni kwa ujira wa chini kwa sababu tu ni mgeni hamsaidii. Anatumia ugeni wake. Kumtetea baharia wa mbali ni kutaka alipwe sawa na yule aliyetangulia kushika kazi hiyohiyo, katika maji yaleyale, kwa hatari zilezile.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote: ukimlipa baharia vizuri na kumlazimisha mwenye feri ambebe abiria wa miguu, nauli itapanda, na atakayeumia ni huyohuyo msafiri maskini unayemlilia. Nakubali kwamba nauli zinaweza kupanda kiasi. Nisichokubali ni kwamba unafuu unaolipwa kwa usingizi wa mtu mwingine ni hisani kwa maskini. Rahisi huwa ghali, na mwaka 1987 wengi wa waliokuwa ndani ya Herald walikuwa wamepata tiketi za bei ya chini kabisa zilizotangazwa na gazeti. Zaidi ya hayo, ushindani usio na sakafu humwadhibu mwema: kampuni inayolipa haki hushindwa na isiyolipa, mpaka wote wafanane na aliye mbaya zaidi. Tiba yake ni sheria moja kwa wote. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 2023 sheria ya ujira wa mabaharia, iliyoanza kutumika Desemba 2024, inayozitaka meli zinazofika bandari zake angalau mara 120 kwa mwaka zilipe kiwango kinacholingana na kima cha chini cha taifa zikiwa katika maji ya Uingereza. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi kwa sheria ya Julai 2023, iliyohusisha pia muda wa mapumziko ya baharia nchi kavu kulingana na muda aliokaa melini. Sheria hizi zimekuja baada ya madhara, lakini zimekuja.

Kuhusu njia zisizo na faida kubwa, upo mfano ulio hai. Kampuni iliyokuwa ikihudumia Newhaven na Dieppe ilipojiondoa mwaka 1999, jimbo la Seine-Maritime la Ufaransa halikukubali mji wake wa bandari ufe. Mwaka 2001 lilianzisha huduma ya Transmanche Ferries kwa fedha za umma, na njia hiyo ingalipo, uendeshaji wake ukiwa umekabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba. Walipakodi wa jimbo wamebishana mara nyingi juu ya gharama, na wana haki ya kubishana. Ila wanabishana juu ya kitu chao, kwa kura zao. Visiwa vya Jersey na Guernsey navyo huwachagua waendeshaji wa feri kwa zabuni na kuwawekea masharti. Hapo pia liko funzo la tahadhari: serikali hizo mbili zilishindwa kukubaliana, na tangu Machi 2025 Jersey inahudumiwa na DFDS na Guernsey na Brittany Ferries, jambo lililoufanya usafiri wa kati ya visiwa hivyo jirani kuwa mgumu zaidi. Amana ikishikwa na wasioelewana, anayeumia ni yuleyule msafiri. Udhaifu huo haubatilishi kanuni. Unatukumbusha kwamba serikali nayo ni mshika amana, nayo inahesabiwa.

Serikali inahesabiwa hata zaidi penye mpaka. Baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, pasipoti za raia wake zilianza kugongwa mihuri moja moja, na kwa mujibu wa mkataba wa Le Touquet wa 2003 polisi wa Ufaransa hufanya ukaguzi huo palepale Dover, kwenye bandari iliyobanwa kati ya majabali na bahari. Mwanzoni mwa Aprili 2023 mabasi yaliyojaa abiria, wakiwemo wanafunzi, yalikaa foleni usiku kucha kabla ya kuvuka. Kwa upande wa pili, tangu Oktoba 2021 Uingereza iliacha kuvipokea vitambulisho vya taifa vya raia wengi wa Umoja huo, na shule za Ufaransa zikaanza kuwapeleka watoto kwingine, hadi masharti yakalegezwa kwa ajili yao. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Lakini haki ya kukagua huandamana na wajibu wa kukagua kwa heshima, kwa watumishi wa kutosha na kwa muda unaovumilika. Anayefunga mlango ni mmoja. Anayeuacha wazi kwa jina huku akiwachosha watu kizingitini ni mwingine, naye hawezi kujisifu kwamba hajafunga.

Mwaka 1795 Immanuel Kant, katika andiko lake juu ya amani ya kudumu, alijenga haki ya ugeni juu ya ukweli mwepesi: uso wa dunia ni mmoja na una mwisho, kwa hiyo wanadamu hawawezi kutawanyika bila kikomo, bali lazima wavumiliane. Alitaja bahari na jangwa kuwa ndizo zinazotutenga, na meli na ngamia kuwa ndivyo vinavyotuwezesha kukaribiana. Hakusema kwamba kila mgeni ana haki ya kuhamia. Alisema asitendewe kama adui kwa kufika tu, na asirudishwe ikiwa kurudishwa kutamwangamiza. Maneno hayo yana uzito mbaya katika Channel ya leo. Mtu asiye na hati hawezi kununua tiketi ya feri, hata akiwa na fedha nyingi kuliko abiria yeyote. Tarehe 24 Novemba 2021 watu wasiopungua 27, wengi wao Wakurdi wa Iraki, walifia katika maji hayo ndani ya mashua ya mpira, katika njia ambayo feri kubwa huivuka kila siku kwa dakika 90. Sidai kwamba feri zifunguliwe kwa kila mtu bila ukaguzi. Nadai kwamba nchi inayojua kuwa wapo wanaoomba hifadhi ng'ambo ya kilomita 33, na isiwape mahali salama pa kupeleka maombi yao kabla ya kuvuka, haiwezi kumlaumu mvushaji wa magendo peke yake.

Msafiri naye hasamehewi. Anayechagua tiketi ya bei ya chini kabisa bila kuuliza imepatikanaje anashiriki, kwa sehemu ndogo, katika yale yanayotendeka chini ya sitaha. Wajibu wake si mkubwa kama wa mwenye meli, maana habari alizonazo ni chache na hiari yake ni finyu. Lakini si sifuri. Anaweza kuuliza meli inapeperusha bendera gani na mabaharia wake wanalipwa kwa sheria ipi. Anaweza kukumbuka, baada ya likizo kwisha, kumwandikia mbunge wake. Haki bila wajibu huwa ni madai tu, na msafiri anayetaka kutendewa kama mtu lazima amwone aliyemvusha kuwa mtu pia.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani haya ni ya Wazungu peke yao. P&O Ferries ni mali ya DP World ya Dubai tangu 2019, na DP World hiyohiyo ilitia saini na Tanzania, Oktoba 2023, mikataba ya kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Silitaji hilo ili kumhukumu mtu kwa kosa la kampuni tanzu katika bahari nyingine. Gati na kivuko ni kazi mbili tofauti, na kila mkataba husimama kwa masharti yake. Nalitaja kwa sababu swali ni lilelile. Mijadala yetu juu ya bandari na vivuko hutumia muda mwingi kuuliza nani atapata kiasi gani, na muda mchache kuuliza nini kitatokea siku mwendeshaji atakapoona ahadi yake imekuwa ghali. Masharti ya siku hiyo huandikwa kabla haijafika: notisi ya muda gani, mfanyakazi analindwa na sheria ya nchi gani, nani anabeba abiria huduma ikisimama, na nani anashtakiwa sheria ikivunjwa kwa makusudi. Tuyadai yaandikwe na yawekwe wazi kwa wananchi. Kampuni inayomdhulumu baharia imekwisha kumhatarisha abiria, na serikali inayokabidhi kivuko bila masharti imegawa kitu ambacho haikuwa na haki ya kukigawa.